Sentimita tatu kwenye kibofu cha baba

Damu kwenye mkojo ina tabia moja mbaya: huja, kisha huondoka. Mzee mmoja wa Kwimba, mkulima wa mpunga mwenye miaka 63, aliiona mara ya kwanza mwanzoni mwa mavuno. Siku ya tatu mkojo ukawa safi, akaona yamekwisha. Iliporudi, duka la dawa lilimpa dozi ya UTI. Iliporudi tena akapewa dozi nyingine, safari hii ya sindano. Hakuwa na maumivu yoyote, na mtu asiye na maumivu haachi mpunga shambani kwenda hospitali.

Aliyemtoa nyumbani ni binti yake wa pili, mwalimu jijini Mwanza, aliyekuja likizo ya Juni.

"Baba, hii imeanza lini?"

"Mwanangu, sisi tangu utoto tulikojoa damu. Vijana wote wa hapa."

Hakuwa anatania. Katika vijiji vilivyo mbali kidogo na ziwa, watoto wanaocheza kwenye malambo na majaruba hupata kichocho cha kibofu, na zamani damu ile ilihesabiwa kuwa sehemu ya kukua. (Kichocho cha ufukweni mwa Ziwa Victoria ni cha aina nyingine, kinachoshambulia utumbo na ini. Wengi huvichanganya.) Mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuumiza kwa miaka mingi. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka minyoo hiyo kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Mzee pia amevuta sigara tangu ujana, na sigara ndiyo inayoongoza duniani kwa kusababisha saratani ya kibofu.

Hospitalini aliambiwa anywe lita moja ya maji na asikojoe hadi aitwe kwenye chumba cha ultrasaundi. Alinung'unika, lakini agizo hilo lina sababu. Mawimbi ya sauti hupita vizuri kwenye maji, hivyo kibofu kilichojaa huonekana kama chumba cheusi chenye kuta laini, na chochote kilichoota ukutani hujitokeza kwa rangi ya kijivu. Kibofu kitupu hujikunja, na mkunjo unaweza kudhaniwa kuwa uvimbe. Bonge la damu nalo hudanganya, ndiyo maana mpimaji alimgeuza mzee ubavu: bonge huhama, uvimbe hubaki ulipo. Wake ulibaki.

Majibu yalikuwa mafupi: uvimbe wa sentimita tatu, ukuta wa kulia, figo zote mbili za kawaida. Binti aliipiga picha karatasi na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kabla ya jioni kaka mkubwa alikuwa ameandika kuwa sentimita tatu ni kidogo, mzee atumie dawa za asili kwanza. Mdogo wao wa Dar es Salaam alitaka ng'ombe wauzwe na kibofu kitolewe chote wiki ile ile. Wote wawili walisoma kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ile.

Sentimita tatu ni upana. Kinachoamua upasuaji ni kina. Ukuta wa kibofu una utando wa ndani, tishu laini chini yake, kisha msuli, na nje kabisa mafuta. Saratani ambayo haijafika kwenye msuli hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, na mgonjwa huendelea kuishi na kibofu chake. Ikiwa imeingia kwenye msuli, kukwangua peke yake hakutoshi. Mara nyingi kibofu chote hutolewa, au mgonjwa hupewa mionzi pamoja na dawa. Tofauti hiyo ni ya milimita chache tu, na kwa mkulima ni tofauti kati ya kurudi shambani kama zamani na kuishi na mfuko wa mkojo tumboni.

Ultrasaundi ya tumboni hudokeza tu. Figo ikiwa imevimba kwa sababu mrija wake umezibwa, daktari huanza kuhofia kuwa ugonjwa umezama. Lakini figo nzuri si uthibitisho wa kinyume chake, na vivimbe vidogo sana au saratani iliyotandaa bapa kwenye utando inaweza isionekane kabisa. Hata sitiskani, ambayo familia nyingi huiona kama hakimu wa mwisho, husumbuka kutenganisha utando na msuli. Inafaa zaidi kutazama tezi na viungo vingine. MRI huuona msuli vizuri zaidi. Picha hizo kubwa zikihitajika, ni bora zifanyike kabla ya kukwangua, kwa sababu kidonda kibichi huchafua picha.

Jibu lenyewe hutoka kwenye kinyama kinachopelekwa maabara, na kinyama hicho lazima kiwe na kipande cha msuli. Cha mzee hakikuwa nacho. Ripoti ilisema saratani imefika kwenye tishu chini ya utando, basi. Binti aliuliza swali ambalo ndugu wengi hawajui kuwa wana haki ya kuliuliza: "Daktari, msuli ulikuwemo?" Mzee akarudishwa chumba cha upasuaji baada ya wiki chache. Mara hii msuli ulionekana, nao ulikuwa safi.

Sasa anachunguzwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu, maana saratani hii hupenda kurudi. Sigara ameacha, ingawa mkewe haamini sana. Nyumbani bado wanabishana kama ni majaruba au ni tumbaku, na hakuna daktari aliyeweza kuwaamulia.

Mjukuu wa miaka tisa, anayeogelea kwenye lambo lile lile, alipelekwa zahanati mwezi huohuo. Mkojo wake ulichukuliwa saa sita mchana, muda ambao mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Yalikuwemo. Alipimwa uzito, akahesabiwa vidonge vya prazikwanteli, akavimeza hapohapo.