Deni Letu kwa Mdogo wa Mwaka wa Pili



Sisi wa mwaka wa sita tuko na deni. Siku moja, wakati wa masomo ya mangaribi, mdogo mmoja wa mwaka wa pili alituuliza: mtu akitia unga wa dhahabu ndani ya kioo, umeme utapita? Tulicheka. Sisi kapita tulimwambia akae chini, kioo hakipitishe umeme, basi. Akakaa. Tangu siku ile hakuuliza tena kitu.

Kumbe mwalimu wa fizika alisikia. Hakutukaripia, alitupa kazi tu. Tulitwaa shanga za kioo na bili za kinga za ukubwa ule ule, bili tukazisugua kwanza mpaka mafuta yakaisha. Tukazichanganya ndani ya bomba la plastiki, kila mwisho kipande cha chuma, pile mbili na ampuli ya tochi. Bili kidogo: giza. Tukaongeza: giza. Watu wakaanza kunung'unika. Tukaongeza tena, tukatikisa, tukakandamiza, na ampuli ikawaka ghafula! Si pole pole hata. Bili zilikuwa zimegusana toka mwisho mpaka mwisho.

Ndani ya kioo-seramiki (ni kioo kilichopashwa moto mpaka fuwele zikaota ndani yake, kama zile meza nyeusi za kupikia kwa umeme) chembe za metali zaweza kuwa za nanometa 10, na milimeta 1 iko na nanometa 1,000,000. Kwa udogo ule hata kugusana si lazima: elektroni huruka nafasi ya nanometa 1 hivi.

Lakini kuko vioo ambamo iyoni za fedha ndizo zinazotembea na kubeba umeme. Zikigeuka kuwa chembe za fedha tupu, zilizo mbalimbali, wachukuzi wamepungua, na umeme unapita kwa shida kuliko mbele. Tena ile sheria yetu ilikuwa nusu tu: kioo kikipata moto mpaka kuwa chekundu, chenyewe kinapitisha umeme.

Tulikwenda kwake ku nyumba ya kulala kumwomba samahani. Alisema haizuru. Halafu akauliza: bili zikipangwa mstari mmoja tu, si kidogo sana zingetosha? Tukakaa pale pale juu ya kitanda chake, tukaanza kuhesabu.