Swali Nililoliua Darasani

Wanachuo wenzangu, acha niungame. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa fizikia, kidato cha tatu, shule iliyo jirani na uwanja wa ndege. Mada ilikuwa mawimbi, msimamizi anatarajiwa muda wowote, nami naukimbiza muda. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kwa nini ndege ikipita redio ya nyumbani inapanda na kushuka sauti?”

Jibu sikuwa nalo. Nikamwambia hilo haliko kwenye mtihani. Darasa likacheka. Mkono ukashuka.

Usiku dhamiri ikanisuta, nikaanza kusoma. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1930 mafundi wa posta Uingereza waligundua kuwa ndege zikipita zinavuruga mawasiliano yao ya redio. Arnold Wilkins alilikumbuka hilo. Tarehe 26 Februari 1935, yeye na Robert Watson-Watt waliegesha gari lenye kipokezi shambani, si mbali na mitambo ya BBC pale Daventry. Wao hawakurusha wimbi lolote. Walipokea tu matangazo ya BBC, wakaigundua ndege ikiwa umbali wa kilomita 13 hivi.

Ujanja wenyewe ni huu: kipokezi kinapata wimbi mara mbili, moja kwa moja kutoka mnarani, na lile lililodunda kwenye ndege. Ndege ikisogea, njia ya wimbi la pili inabadilika urefu. Mara mawili hayo yanaongezana, mara yanapunguzana, ndo maana sauti inapanda na kushuka. Mlima nao unarudisha wimbi, ila umetulia, haubadilishi kitu. Kinachosogea kinajiumbua chenyewe. Siku hizi kompyuta zinafanya hivyo kwa mawimbi ya FM na televisheni, na mtambo huo huitwa rada pasivu.

Kesho yake niliomba radhi mbele ya darasa, nikachora ubaoni mnara, ndege na redio ya kwao. Binti aliandika kila kitu. Lakini wiki tatu zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Msimamizi alinipa alama nzuri tu. Wewe unayejiandaa kwenda kufundisha, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha katafute.