Mgeni Njoo, Lakini Usirudi Mgonjwa

Msomaji mpendwa, bila shaka umekwisha kuiona chemchemi ya chokoleti, kama si kwa macho yako basi katika picha za harusi. Ni mtambo wa chuma wenye ngazi tatu au nne. Chini yake mna joto la umeme linaloyeyusha chokoleti, na katikati mna mashine inayoipandisha hadi juu, kisha ikateremka taratibu kama pazia. Mgeni huchoma kipande cha ndizi au keki kwa kijiti, akakichovya, akala. Watoto hawana haja ya kijiti. Wao huchovya kidole, wakakilamba, wakachovya tena.

Mapambo ya namna hiyo yanapendwa sana katika meli kubwa za watalii, ambamo maelfu ya watu hula pamoja kwa siku nyingi, kila mmoja akijipakulia mezani. Mtindo huo wa kujipakulia, ambao siku hizi tunauita bafe, haukubaki baharini. Umepita Nairobi, ukashika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, ukavuka mto Athi na kufika kwetu Ikutha, kusini mwa Kitui. Chemchemi ya chokoleti bado sijaiona huko, lakini meza ndefu yenye kitambaa cheupe na masufuria yaliyopangwa safu nimeiona mara nyingi. Ndiyo maana nataka tuzungumze.

Tuitendee haki chokoleti kwanza. Yenyewe ina maji machache mno, na bakteria wasipopata maji hawazaani kwa urahisi. Ingawa wako wanaoweza kuishi ndani yake kwa muda mrefu, hatari kubwa ya chemchemi ile ni vidole vya walaji. Kuna virusi viitwavyo norovirusi, vilivyopata jina kutokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, ambako watoto wa shule moja waliugua mwaka 1968. Virusi hivi havihitaji kuzaana katika chakula. Vichache tu, visivyoonekana kwa macho, vyatosha kumfanya mtu mzima atapike na kuhara. Isitoshe, dawa za mikono zenye spiriti hazivimalizi vizuri. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka.

Wenye meli wanalijua jambo hili. Marekani ilianzisha mpango wa kukagua usafi wa meli za abiria katika miaka ya 1970, meli ikipewa alama kati ya 100, na ile inayopata 85 kurudi chini ikihesabiwa kuwa imeanguka. Je, wajua wafanyavyo wahudumu wa meli ugonjwa wa kuhara unapozuka? Hukataza abiria kujipakulia. Mhudumu mmoja hushika upawa, na abiria hunyoosha sahani tu.

Kumbe hiyo ndiyo desturi niliyoikuta Ikutha! Katika karamu za wazee wetu, mgeni hakusogelea sufuria. Aliketi chini ya mti, kijana akaja na birika na beseni, akammiminia maji mikononi. Kisha sahani ya muthokoi au isyo ikaletwa, imepakuliwa na mkono mmoja unaojulikana. Maji yenyewe yalitoka mbali, yamebebwa na punda, lakini hayakukosekana ya kunawa. Vijana wengi wa mjini huiona desturi hiyo kuwa ya kishamba. La hasha! Ni usafi ule ule ambao meli ya mamilioni ya dola huukimbilia mambo yanapoharibika.

Hata hivyo, mkono safi pekee hautoshi. Yako pia masaa.

Desemba moja nilihudhuria harusi huko nyumbani. Chakula kilikuwa kimepikwa na wapishi wa kukodiwa kutoka mjini. Wali na mchuzi wa nyama viliiva saa nne usiku, vikafunikwa, vikapakiwa kwenye gari na kusafirishwa zaidi ya kilomita 200. Ibada ilichelewa, hotuba zikawa ndefu, na watu walianza kula saa nane mchana. Hebu hesabu nami: saa kumi na sita! Na jua la Ikutha mwezi wa Desemba walijua.

Hakuna aliyelalamika. Chakula hakikunuka, tena kilikuwa kitamu. Lakini kabla jua halijatua watoto walianza kutapika, na usiku bodaboda zilikuwa zikipishana kwenda zahanati. Ajuza mmoja alilala siku mbili asiweze kusimama. Tunamshukuru Mungu hatukuzika mtu.

Lililonikera zaidi ni lile lililofuata. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alikuwa amesaidia mezani akiwaongezea wageni mchuzi. Asubuhi yake minong'ono ilianza kwamba ametia kitu katika chakula. Wengine walikumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba, wengine wakasema tangu zamani walimshuku. Hakuna aliyewauliza wapishi chakula kiliiva saa ngapi. Tangu siku hiyo, penye karamu, mama huyo haitwi kusaidia, naye haji.

Mabaki ya chakula kile hayakupimwa, kwa hivyo siwezi kuapa ni mdudu gani aliyetuangusha. Lakini saa zenyewe zatosha kuwa shahidi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe bila baridi wala moto kwa zaidi ya saa mbili. Kiwe moto kupita nyuzi 60, au baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria hustarehe. Mchele huja na mbegu za bakteria fulani ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria wakazaana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Mlaji huweza kutapika kabla ya saa sita kupita. Nao mchuzi wa nyama katika sufuria kubwa hupoa juu, huku katikati ukibaki vuguvugu usiku kucha.

Sisi wa Ukambani tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa sumu isiyotiwa na mtu. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wamekufa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo yaweza kuwamo hata pale ukungu hauonekani, na kuchemsha hakuimalizi. Hakuna jirani aliyeitia. Ni unyevu na ghala mbovu.

Basi, msomaji, likizo ijayo utakapopanga karamu ya mashambani, yazingatie machache haya. Nunua mahindi yaliyokauka barabara. Chakula kipikwe pale pale kitakapoliwa, asubuhi ya siku hiyo. Kikikawia, kibaki juu ya moto kikitokota, si chini ya kitambaa. Kachumbari ikatwe mwishoni, kwa maji safi na kisu ambacho hakijagusa nyama mbichi. Weka mtungi wenye bomba na sabuni pale foleni inapoanzia, na upawa ushikwe na watu wachache walionawa. Wasemaji nao waombwe wafupishe, au wahutubie watu walioshiba. Na kama utakodi wapishi, waulize bila haya: chakula kitaiva saa ngapi, na kitaliwa saa ngapi?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tuhakikishe kwamba mgeni naye anarudi kwao mzima. Na ikitokea watu wameugua, mkimbizeni mgonjwa hospitalini, kisha itazameni saa kabla ya kumtazama jirani.