Kilima Tulichokipanda Kinyumenyume

Ukitoka mjini Mandera kwenda Rhamu, Mto Daua unafuatana nawe mkono wa kulia. Ng'ambo yake ni Ethiopia. Somalia umeipa mgongo. Tuliondoka alfajiri, kukapambazuka tukiwa kando ya mashamba: migomba, miembe, matuta ya vitunguu na ngurumo ya pampu za maji. Anayedhani Mandera ni vumbi tupu aje apite hapa saa kumi na mbili asubuhi.

Tulikuwa watano ndani ya Probox, gari dogo la lita moja na nusu linalovutwa na magurudumu ya mbele. Toyota walianza kuliuza mwaka 2002 liwe gari la kazi, nako kaskazini mwa Kenya limepata kazi kwelikweli: leo maziwa ya ngamia, kesho miraa, keshokutwa mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Siku hiyo kazi ya Probox ilikuwa vilima. Huko Marekani, tangu 1916, madereva hushindana kupanda Pikes Peak, kona 156 hadi kilele cha mita 4,302, kila mmoja akikimbizana na saa. Vilima vya Mandera ni vifupi. Kaunti huinuka taratibu kutoka mita 400 hivi kule Elwak hadi mita 970 mpakani na Ethiopia. Lakini ukiwa ndani ya gari dogo lililojaa, kila mita unaisikia mgongoni.

Baada ya Rhamu njia ilianza kupanda na kushuka. Migunga, vichuguu virefu kuliko mtu, ngamia wakivuka bila haraka. Kisha kikatokea kilima cha mawe na changarawe. Katikati ya mwinuko magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure, kokoto zikagonga chini ya gari. Dereva, mzee wa ndevu zilizotiwa hina, akaliachia gari lirudi taratibu hadi chini.

"Shukeni, wanangu," alisema. "Mbele kumekuwa kwepesi. Wewe mwalimu, baki hapa na mimi."

Nilimwelewa alipoligeuza gari, matako yakaelekea kileleni. Gari likipanda, uzito wake hukimbilia upande wa chini. Likitanguliza pua, magurudumu yanayovuta hubaki mepesi, yakikwaruza mawe. Likipanda kinyumenyume, hayo hayo ndiyo yanayobaki chini, yamekandamizwa na injini, na safari hii na sisi wawili pia. Gia ya kurudi nyuma nayo ina nguvu. Wala gari la kuvutwa kwa mbele si geni kwa njia zetu: mwaka 1964 dereva wa mbio za magari Erik Carlsson alishika nafasi ya pili katika Safari Rally na Saab 96, gari dogo lililovutwa kwa mbele vilevile. Gari la namna hiyo haliikatai Afrika Mashariki likipata anayelijua.

Kijana mmoja alitangulia juu akituelekeza kwa mikono. Mzee aligeuza shingo, macho nyuma, mguu ukikanyaga mafuta kwa kiasi kile kile, bila papara. Mimi sikuwa na kazi ila kutazama mbele, na mbele yangu ilikuwa ni kule tulikotoka. Kila tulipopanda hatua, nchi ilizidi kufunguka: kwanza mawe, kisha vichaka, kisha tambarare nyekundu isiyo na mwisho, na mbali kabisa mstari mwembamba wa kijani, Daua, ukienda Dolo kukutana na Ganale wazae Mto Juba. Ningepanda kama wapandavyo wote, ningeona anga na boneti tu.

Kileleni abiria walitufikia wakihema, wakimshukuru Mungu. Mzee alifungua chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akanimiminia kikombe cha kwanza.

"Niligeuze sasa?" aliuliza.

Nilimwomba asubiri kidogo. Akaelewa, akaketi kando yangu, tukanywa chai tukiitazama Mandera yote.