Upeleke Ndoo Ngapi Gulioni? Piga Hesabu Kabla ya Kupakia

Leo tuweke mbolea na viwavi pembeni. Tuzungumzie uamuzi unaoufanya kila wiki kabla ya gulio: upeleke mzigo kiasi gani?

Jambo hili linanigusa. Nimesomeshwa na genge la nyanya la mama yangu, na nyumbani kwetu ndoo mbili zikioza, kuna daftari halinunuliwi. Sasa, katika kazi ya ugani, nakutana na wauzaji wengi ambao mtaji wao ni mkopo wa kikundi. Nikiwauliza wanaamuaje, wengi hunijibu: "Naangalia gulio lililopita." Ziliisha mapema, wanaongeza. Zilibaki, wanapunguza. Huenda na wewe unafanya hivyo.

Hata wasomi wanateleza hapa

Wanaochunguza uendeshaji wa biashara hutumia mfano wa muuza magazeti. Anaagiza alfajiri bila kujua wateja watakuwa wangapi, na gazeti la leo kesho halina mnunuzi. Nyanya iliyoiva haina tofauti kubwa na gazeti hilo.

Mwaka 2000, watafiti wa Marekani Maurice Schweitzer na Gérard Cachon walichapisha majaribio ya namna hii. Bidhaa yenye faida kubwa, watu waliagiza pungufu. Yenye faida ndogo, waliagiza kupita kiasi. Walivutwa kuelekea wastani, na walikuwa wakikimbiza mahitaji ya siku iliyotangulia. Mwaka 2012, Gary Bolton, Axel Ockenfels na Ulrich Thonemann walionyesha kwamba hata mameneja wazoefu huvutwa hivyo hivyo. Kwa hiyo usidhani ni suala la kukosa shule. Ndivyo binadamu tunavyoamua.

Tuweke namba

Tuseme ndoo ya nyanya unainunua shilingi 10,000 na kuiuza 14,000. Ikikosekana, unapoteza faida ya 4,000. Ikioza, unapoteza 10,000. Hasara hizi mbili hazilingani, na hapo ndipo uamuzi wako unapotakiwa kuanzia.

Tuseme pia kwamba katika magulio kumi, ndoo zilizotakiwa na wateja, ukizipanga kuanzia ndogo, zilikuwa hivi: 4, 5, 5, 6, 7, 7, 8, 8, 9, 11. Wastani ni 7. Ukipeleka ndoo 7 kila gulio, utauza 62 kati ya 70, na faida yako itakuwa 168,000. Ukipeleka 5 tu, utauza 49 kati ya 50, na faida itakuwa 186,000. Umeuza pungufu, umepata zaidi, na kila gulio umefunga mtaji wa 50,000 badala ya 70,000.

Sasa geuza upande wa pili. Una kitalu cha miche ya kabichi. Tuseme mche unakugharimu shilingi 20 na unauza 100. Usiponunuliwa unapoteza 20. Mteja akija akaukosa unapoteza 80. Hapa woga ndio unaokula faida yako. Otesha zaidi ya wastani, hata kama mara nyingi utabaki na miche michache iliyokomaa kupita kiasi.

Tatizo ni kwamba miche iliyobaki unaiona kila asubuhi ukimwagilia, nayo inakuuma. Mteja aliyeondoka mikono mitupu humwoni tena, kwa hiyo hakuumi.

Fanya hivi

1. Chukua daftari. Kila gulio andika ulichouza, na pia walioulizia baada ya mzigo kuisha. Ukiandika mauzo tu, siku uliyoishiwa saa nne itaonekana kama siku ya mahitaji madogo.

2. Baada ya magulio kumi, panga namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa.

3. Chukua faida ya kipimo kimoja, igawe kwa jumla ya faida hiyo na hasara ya kipimo kikibaki. Kwa nyanya zetu ni 4,000 kugawa kwa 14,000, yaani karibu 3 kati ya 10. Basi chukua namba ya tatu kwenye orodha. Kwa miche ni 80 kugawa kwa 100, yaani 8 kati ya 10. Chukua namba ya nane.

4. Shikilia kiasi hicho kwa magulio kumi yanayofuata. Mwaka 2008, Gary Bolton na Elena Katok walionyesha kwamba watu waliolazimika kuagiza kiasi kimoja kwa vipindi kumi mfululizo waliamua vizuri kuliko waliokuwa huru kubadilisha kila mara. Gulio moja likikataa, usibabaike.

Badilisha pale tu kunapokuwa na sababu unayoifahamu: bei ya kununulia imepanda, msimu umegeuka, au kuna sikukuu wiki hiyo. Na kama masalio yako yana soko, mfano nyanya laini unazimaliza kwa mama ntilie kwa 6,000 ndoo, basi hasara yako ni 4,000, sio 10,000. Rudia hesabu, utaona unaweza kubeba zaidi.

Najua baadhi yenu mtasema mteja akikosa mara mbili anahamia kwa jirani. Ni kweli. Kama una wateja wa kudumu, mfano mwenye mgahawa, watengee wao kwanza, kisha hesabu hii itumike kwa wapita njia.

Anza na bidhaa moja, ile inayokusumbua zaidi. Ukishajaza magulio kumi na hesabu ikakutatiza, niandikie hapa, au njoo ofisini na daftari lako tupige pamoja.