Yale Tuliyokwisha Kuyajua

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tunduma, mji wetu wa mpakani, ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo sasa, ulizaliwa baadaye, mwaka 2016. Siku hizo watu waliuawa na kuchunwa ngozi, na uvumi ulizagaa kwamba ngozi zinavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Jua likianza kuzama, mama zetu walituita ndani na milango ikafungwa.

Nyumbani tulikuwa Wakristo wa kizazi cha tatu. Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, na bibi yangu aliyakariri mafundisho ya kipaimara kwa Kinyiha tangu usichana wake. Lakini hofu ilipoingia haikuchagua. Hirizi zilionekana viunoni mwa watoto walioimba kwaya. Wazazi wao hawakuwa wameikana imani. Jumapili ungewauliza Kristo ni nani, wangekujibu sawasawa. Usiku ndipo majibu yalipowatoka.

Mwinjilisti wetu hakuwakemea. Alipita nyumba kwa nyumba kabla ya giza, akirudia yale yale: Mungu ni Baba yetu, Kristo alikufa kwa ajili yetu, alifufuka, atarudi. Kisha aliongeza kwamba hakuna mchawi mwenye mamlaka juu ya uhai wa mtu. Kijana mmoja akamwambia, “Mwinjilisti, hayo tunayajua.”

“Najua mnayajua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kuwakumbusha.”

Nilipokuja kuusoma vizuri Waraka wa Pili wa Petro nilimwona yule mwinjilisti mle ndani: mtume anayekaribia kufa, akiwakumbusha watu ambao tayari wamesimama imara. Hata kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, Wamoravian walianza kupelekeana neno la siku mlango kwa mlango.

Leo Tunduma ina vipaza sauti vingi. Mahubiri ni ya mizigo kuvuka salama, biashara kufunguka, mafuta ya upako. Siyabezi maombi hayo. Mji wa mpakani unakula kwa biashara. Linaloniuma ni muumini kumaliza mwaka mzima asisikie habari za msalaba, kisha msiba ukamkuta mikono mitupu. Ndiyo sababu kwenye jumuiya yetu tunaanza na yale manne ya mwinjilisti, wazee na watoto kwa sauti moja, ndipo tunapoombea maduka.