Shahidi Asiye na Ulimi

Hapa Kinondoni ninapoishi, mashindano ya wanyama hayakatiki hata siku moja, lakini wanyama wenyewe hawapo. Yamo ndani ya vibanda vya kubashiri, kwenye skrini: mbwa na farasi waliochorwa na kompyuta hutimua mbio kila baada ya dakika chache, na vijana wa mtaani hutoa elfu moja au elfu mbili kumwekea mbwa nambari 4, mbwa ambaye hajapata kuzaliwa. Nimepata kuwatazama kwa muda mrefu kuliko inavyomstahiki mtu wa umri wangu. Mnyama yule hana damu, hana ini, wala hana kibofu. Hachoki, haumii, na hapana awezaye kumtia dawa.

Mnyama wa nyama na damu ni jambo jengine. Sisi watu wa pwani tunamjua. Lamu hushindanisha punda wakati wa Maulidi, na Pemba wana mchezo wao wa ng'ombe ambao haujafa hadi leo. Na kila penye mashindano hapakosi mtu wa kunong'ona kwamba mnyama wa fulani ametiwa kitu. Utotoni mwangu neno lililotumika lilikuwa moja tu, dawa, na neno hilo halikupambanua baina ya mzizi, hirizi na sindano.

Mambo haya yangebaki kwangu kuwa soga la barazani lau si mjomba wangu. Alihamia Oman katika miaka ya 1970, kama walivyofanya wengi wa jamaa zetu, na uzeeni akawa na ngamia wachache wa mbio huko Batina. Siku moja alinipigia simu akiwa na hamaki. Ngamia wake jike aliyempenda kuliko wote alikuwa akichechemea mguu wa mbele, na mwanawe alitaka apigwe sindano ya kutuliza maumivu ili asiikose mbio ya wiki ile. Nikamwambia, "Lakini Mjomba, kumwondolea maumivu si huruma?" Akanijibu: "Mwanangu, kuumwa ndiko kunakomwambia asiukanyage. Nikikunyamazisha huko, nani tena atakayemwambia?"

Jawabu hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu. Aghalabu tukisikia dawa za mbioni hudhani ni za kuongeza nguvu, na hizo zipo. Lakini iliyozusha kisa mashuhuri kupita vyote katika mbio za farasi ilikuwa dawa ya maumivu. Mwaka 1968 farasi Dancer's Image alitangulia kufika katika mbio za Kentucky Derby, Marekani, kisha akavuliwa ushindi kwa sababu mkojo wake ulikuwa na fenilibutazoni. Dawa hiyo haimwongezei farasi mbio. Humfichia hali ya mguu wake mwenyewe, naye kwa kutojua huweza kuukimbilia mpaka ukavunjika.

Na vipi hujulikana? Dawa ikishaingia mwilini, ini huishughulikia kama mgeni asiyealikwa: huibadilisha umbo, huichonga hapa na kuipachika kitu pale, hata iwe nyepesi kuyeyuka katika maji, kisha figo huitoa nje. Kile kitokacho si dawa ile ile iliyoingia. Wataalamu hukiita metaboliti. Fenilibutazoni, kwa mfano, huacha nyuma yake oksifenibutazoni. Dawa nyingi hutoweka mapema, ilhali metaboliti zake huendelea kuonekana, na kwa hivyo mkemia anayetafuta dawa yenyewe tu huweza kurudi mikono mitupu. Faida nyengine naiona kubwa zaidi. Dawa iliyodondoka ndani ya chupa kwa bahati mbaya, au kwa hila ya hasimu, hubaki dawa tupu. Ikikutwa pamoja na metaboliti zake, yumkini kubwa ni kuwa imepita katika ini la kiumbe hai.

Kazi yenyewe huanza kwa unyenyekevu. Baada ya mbio, mtu humfuata farasi hadi zizini akiwa na kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, akasubiri, na mara nyingi humpigia mluzi taratibu, maana farasi wengi huzoezwa kukojoa kwa mluzi. Sampuli hugawanywa mafungu mawili, moja la kupimwa na jengine la kuwekwa iwapo mwenye farasi atabisha. Maabarani mashine ya kwanza huutenganisha mchanganyiko, na ya pili huzipima molekuli uzito wake na vipande vyake. Kwa njia ya namna hiyo, mwaka 2013, farasi 11 wa zizi la Godolphin huko Newmarket, Uingereza, mali ya mtawala wa Dubai, walikutwa na homoni za kujenga misuli, na mkufunzi wao Mahmood Al Zarooni akafungiwa miaka 8. Mwaka huo huo maabara ya mbio za farasi ya Afrika ya Kusini ilipelekewa sampuli za njiwa wa mashindano kutoka Ubelgiji, na katika 20 ikaona dawa katika 6, mmoja wao akiwa na kokeini. Njiwa!

Hata hivyo mkojo husema kilichopita, hausemi nani alikipitisha wala kwa nia gani. Mwaka 1979, Uingereza, farasi No Bombs alinyang'anya chokoleti ya mtunzaji wake akaila, na kwa kuwa kakao ina theobromini na kafeini, akapoteza ushindi wake. Mwaka 2014 Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth, alikutwa na mofini iliyotokana na chakula kilichochanganyika na afyuni ya mimea. Na Justify, aliyeshinda mataji yote matatu makubwa ya Marekani mwaka 2018, alikuwa kabla yake amekutwa na skopolamini baada ya mbio za California. Wakuu wa huko wakasema ni gugu lililoingia katika malisho, kesi ikafutwa, na umma haukuambiwa mpaka gazeti lilipofichua mwaka 2019. Gugu lenyewe wazee wetu walilijua: mnanaha, ambao majani yake makavu huvutwa kwa pumu. Mimi naamini huenda ni gugu kweli. Lakini ushahidi uliofungiwa sandukuni mwaka mzima hautofautiani sana na ushahidi usiokuwapo.

Ngamia naye ana hesabu zake. Ini lake haliendi kwa kasi ya ini la farasi, hivyo siku zilizokadiriwa kwa farasi haziwezi kuhamishiwa kwake, na ndiyo maana maabara za Imarati zilibidi zianze upya kupima dawa moja moja katika mwili wa ngamia.

Msomaji wa Kinondoni asidhani haya ni ya masultani peke yao. Jirani yangu, mama mmoja mwenye kuku wa mayai nyuma ya nyumba, huwapa dawa ya vijidudu wakiugua, na karatasi ya dawa humtaka asiuze mayai kwa siku kadhaa. Siku hizo zimehesabiwa kwa elimu ile ile: lini mwili wa kiumbe utakuwa umemaliza kuitoa dawa. Maabara kuu ya veterinari iko Temeke, si mbali nasi, lakini hapana anayesimama uani kwa mama yule na kikombe. Ni yeye, trei zake na wateja waliokwisha piga hodi. Hadi sasa nimemwona akizitenga trei na kuwarudisha wateja, na ada ya shule ya wanawe imo ndani ya trei hizo.

Ngamia wa mjomba hakukimbia wiki ile, wala msimu ule. Mjomba keshatangulia mbele ya haki, na ngamia waliobaki wako mikononi mwa binamu yangu, ambaye ni mtu mwema na ana madeni. Kila mara hunitumia ujumbe, kwa kuwa amesikia nimesoma mambo haya, akitaka kujua dawa fulani hukaa siku ngapi katika mwili wa ngamia. Nimemjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, si mkemia, na kwamba swali hilo amuulize daktari aliyeuona mguu.